Barua kwa mwanangu: "Mama, hizo ni yadi"

Likoni, Mombasa
9 Novemba 2025

Mwanangu,

Assalam aleikum. Ule ujumbe wako wa sauti wa Alhamisi nimeusikiliza mara tatu: jikoni, kisha mbele ya baba yako, kisha peke yangu usiku. Umeuliza hivi: "Mama, huko nilikuwa wa kwanza. Huku kwenye leni yangu mimi ndiye wa mwisho, na darasani nasinzia. Nikiacha timu, mtaona nimewaangusha?"

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningeanza kulia, na hesabu ninayotaka kukuonyesha haisemeki kwa mdomo.

Jibu lenyewe ni fupi. Hutakuwa umetuangusha. Ukiacha kuogelea utabaki kuwa mwanangu anayesoma Ohio, na mimi nitaendelea kujisifu kwa walimu wenzangu hadi wachoke. Ninachokuomba ni kimoja tu: usiache Novemba.

Sasa hesabu. Unakumbuka mwezi jana uliponiambia umeogelea mia, mtindo huru, kwa sekunde 49.9? Nilipiga kigelegele mpaka Mama Saumu akaja mbio kuuliza nani kaposwa. Daftari langu lilisema Kasarani, bwawa la mita 50, ulitumia sekunde 54.8. Karibu sekunde tano ndani ya miezi miwili! Ukanyamaza, halafu ukasema kwa sauti ya mtu anayezika, "Mama, hizo ni yadi."

Nikaenda kuzitafuta hizo yadi. Yadi 100 ni mita 91.44. Kwa hiyo wamekupunguzia mita nane na nusu, na juu yake wamekuongezea kuta. Kasarani, mia ina ukuta mmoja wa kugeukia. Huko kwenye bwawa la yadi 25, mia ina kuta tatu. Mimi mwalimu wa hesabu sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi ya hapo. Nikafungua ile video ya mashindano yenu ya Oktoba, na mara hii nikaacha kutazama mikono yako, nikatazama kuta.

Kijana wa leni ya nne anapiga pindu, anausukuma ukuta, anapiga mateke ya pomboo, miguu yote miwili pamoja, chini ya maji. Nikahesabu saba. Kichwa chake kinatokea mbali. Wewe unapiga mawili, unatokea juu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Sheria inaruhusu mita 15 chini ya maji kutoka kila ukuta, na bwawa lenu zima lina mita 22.86. Yaani karibu theluthi mbili za kila urefu mtu anaweza kuzipita bila kuonekana. Nikarudisha video tena na tena. Juu ya maji hamwachani, mwanangu. Mnaachana ukutani.

Na wewe ukuta ungeujulia wapi? Lile bwawa ulilojifunzia vigae vyake vilikuwa vinabanduka, kocha akawakataza kuukanyaga kwa nguvu msije mkakatwa miguu. Miaka saba umegeuka kwa adabu kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Huko hakuna wakwe. Mwambie kocha wako wazi kwamba hujui kuta na unataka akufundishe, hata kama ni dakika kumi baada ya wenzako kutoka. Usimwachie aone mwenyewe. Ana waogeleaji ishirini na kitu wa kuwatazama.

Jambo la pili ni uchovu, na hapa nitapita haraka kwa sababu mimi sijui kuogelea, nimekaa tu kwenye benchi na saa mkononi. Hapa ulikuwa ukifanya mita elfu tatu, ukienda nyumbani unalala. Huko unaniambia yadi 6,000 asubuhi, halafu vyuma, na siku nyingine unarudi majini jioni. Mtu wa namna hiyo akipimwa Novemba anapimwa akiwa hoi. Wewe mwenyewe ulinieleza Agosti kwamba wiki mbili tatu kabla ya mashindano ya Februari kocha atapunguza mazoezi ili miili irudi. Basi mbona unajihukumu kwa saa ya Novemba, na hukumu unayo ya Februari? Picha ya Jason Dunford, yule muogeleaji wetu wa Kenya, bado iko ukutani kwako, sijaitoa. Wewe ulikuwa mtoto wa mwaka mmoja Beijing 2008, alipoweka rekodi ya Olimpiki ya kipepeo mita 100 kwenye mchujo, ikavunjwa kwenye mchujo uliofuata, naye akamaliza fainali wa tano. Huyo naye alipitia mabwawa ya yadi, alisoma Stanford. Sikwambii uwe yeye. Nakwambia tu kwamba zile kuta zinafundishika kwa mtoto wa Kenya.

Hili la kusinzia darasani ndilo linaloninyima usingizi mimi. Ulisema kemia umepata alama ya kukuaibisha, na kwamba mwalimu ana saa zake maalumu za kukaa ofisini wanafunzi wamwendee, lakini hujaenda. Najua kwa nini. Kwetu mtoto akiitwa ofisini kuna kiboko au barua ya mzazi. Umekua ukijua ofisi ya mwalimu ni mahali pa kesi. Huko, nadhani, ni duka: limefunguliwa, bidhaa ni ya bure, na asiyeingia ndiye anayeonekana hana haja. Nenda wiki hii. Tena nenda ukiwa umebeba karatasi yenyewe na swali moja, usiende kuomba radhi. Na kila safari ya mashindano, mwambie mwalimu kabla hamjasafiri. Mimi ninao wanafunzi wa aina zote mbili, anayekuja kabla na anayekuja baada, na ingawa tunajidai hatupendelei, yule wa kwanza tunamtafutia njia.

Niliwahi kukusimulia chuo changu cha ualimu? Sikukusimulia chote. Mwaka 1994 nilitoka hapa Likoni nikapelekwa bara, mahali pa baridi ambapo asubuhi mdomo unatoa moshi. Mtongwe mimi ndiye niliyekuwa nikiandikia watu barua, nilijiona msomi. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Jaribio la kwanza la hesabu nikawa wa thelathini na nane kati ya arubaini. Nikafunga sanduku. Watu hupenda kusikia kwamba nilipiga moyo konde. Uongo. Sikuwa na nauli. Nilisubiri mwisho wa mwezi babu yako atume pesa, na pesa zilipofika nilikuwa nimeshapata rafiki, blanketi la pili, na alama ya wastani. Nauli nikanunulia viatu. Ndiyo maana nakwambia Februari: mimi mwenyewe sikuvumilia, nilicheleweshwa tu, na kucheleweshwa kulinitosha.

Pesa sitakuficha. Ile sehemu ya karo inayolipwa kwa ajili ya kuogelea, barua yao nimeisoma na kalamu mkononi. Hawawezi kuikata katikati ya mwaka kwa sababu saa yako imekuwa mbaya. Ukiondoka kwenye timu kwa hiari yako, hapo wanaweza. Kwa hiyo kuwa wa mwisho hakuna gharama, kuacha kuna gharama. Ikifika Machi na bado unataka kuacha, tutakaa mimi na baba yako tulitazame lile pengo. Ni kubwa, lakini si kisima. Usilibebe peke yako kuanzia sasa.

Baba yako nilipomuuliza nikuandikie nini kutoka kwake alifikiri sana, akasema: "Mwambie ale." Basi kula. Umesema bwalo hufungwa kabla hujakauka nywele jioni. Waombe wakuwekee sahani, au beba chakula cha mchana cha pili ukitoka. Mchele umenunua? Sufuria ndogo ya umeme inatosha, nazi ya kopo si haramu ingawa si nazi.

Na kuhusu Ramadhani, uliloulizia juujuu: inatarajiwa kuandama karibu tarehe 18 Februari, na mashindano yenu makubwa yanaisha siku chache kabla, kwa hiyo huenda swali lenyewe lisitokee. Mkisafiri mwezi umeshaingia, msafiri ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Hilo liko katika Sura ya Baqara, si huruma ya mama. Ila mwambie kocha mapema ili asishangae.

Unalalamika kuamka saa kumi na moja alfajiri. Na nani alikuwa akivuka feri na mimi saa hiyo hiyo, umelala umesimama, kichwa kwenye kwapa langu, watu wakitupisha kwa sababu ya ule mfuko wako unaonuka klorini? Miguu yako inajua saa hiyo. Ni theluji tu ndiyo mpya.

Kitu cha mwisho. Tangu wabadilishe saa huko tarehe 2, mnaingia majini hapa ikiwa saa nane kasorobo mchana badala ya saa saba kasorobo. Jumatano ulinipigia nikiwa mbele ya darasa la sita, likacheka lote. Piga baada ya saa kumi za huku, ukishatoka mazoezini. Na unitumie video ya kuta, kamera iwe pembeni mwa bwawa usawa wa bendera za kuwaonya waogeleao kwa mgongo, kwa sababu kutoka jukwaani siwezi kuhesabu mateke.

Mama yako