Mchujo wa Voliboli: Usianze na Smashi

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye mchujo wa timu ya shule, nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu: smashi, ule mpira unaoruka na kuushindilia upande wa pili wa wavu. Mwezi mzima nilikuwa naruka ukutani na kuweka alama kwa chaki. Siku ilipofika, kocha akatupanga nyuma ya uwanja, akaanza kuturushia mipira tupokee. Wa kwanza ulinigonga kidole gumba ukaenda zake pembeni. Wa pili nikaudaka kama golikipa. Zamu ya smashi ilipofika, mimi nilikuwa nimeshakaa benchi.

Kwa hiyo anza na kupokea. Timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuuvusha mpira, na wa kwanza ukiharibika, miwili inayobaki ni ya kuokoa jahazi. Uwanja si lazima; ukuta na mpira uliochakaa vinatosha. Unganisha mikono, gumba kwa gumba, nyoosha viwiko, mpira utue juu kidogo ya vifundo vya mikono, pale palipo bapa. Halafu usiupige! Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Mikono itulie kama meza, nguvu itoke magotini. Nilijiwekea sharti la mipira 50 mfululizo: ukidondoka wa 43, narudi moja. Ule ukuta nimeutukana sana.

Kwenye kuanzisha mpira (sevu), tatizo kwa kawaida si mkono unaopiga, ni ule unaorusha. Fanya hivi: simama nyuma ya mstari, rusha mpira kama kawaida, kisha uache udondoke bila kuupiga. Ukitua mbele kidogo, upande wa mkono unaopigia, uko sawa. Wangu ulikuwa ukiangukia nyuma ya kisogo, nami nikidhani sina nguvu. Baada ya filimbi kanuni inakupa sekunde 8, kwa hiyo vuta pumzi kwanza. Na kama huna uhakika na mpira wa juu, anzisha kwa mkono wa chini. Mpira wa kawaida uliovuka una faida kuliko kombora lililonasa wavuni.

Wafupi wasikate tamaa. Tangu miaka ya 1990 kuna libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kulinda nyuma. Haruhusiwi hata kubloku, yaani kuruka wavuni kuzuia smashi.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni mdomo. Kwenye mchujo wangu wa pili mpira ulishuka katikati yangu na mwenzangu, tukatazamana, ukadondoka. Kocha akaandika kitu kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo nikawa napiga kelele "Wangu!" hata mazoezini peke yangu, majirani wakanizoea. Sema mapema, mpira ukiwa bado juu. Na ujue daftari halifungwi mpira ukitoka nje: anayekimbilia mipira na anayenuna baada ya kukosea, wote wanaonekana.

Viatu vipya usivivae siku hiyo kwa mara ya kwanza. Usiku lala.

Na jina likikosekana kwenye orodha, mfuate kocha, ila usiende kulalamika. Muulize ukafanyie kazi nini. Mimi nilimuuliza baada ya ule mchujo wa kwanza. Akanijibu, "Magoti, unasimama kama mlingoti," akaendelea kukusanya mipira yake.