Mama anahema akitembea: alale au atembee?
Dada, umeuliza kama mama yako mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akae tu kitandani kwa sababu anahema. Hapana. Akikaa, misuli ya miguu inalegea na kesho atahema kwa kazi ndogo zaidi. Aanze na dakika 5 uani, aongeze polepole; mradi bado anaweza kuongea, kuhema kidogo si hatari. Kifua kikibana, apumzike na apelekwe hospitali. Avute hewa puani, aitoe taratibu kama anayepuliza chai ya moto. Mwombe daktari rufaa ya fiziotherapia: mazoezi ya wiki 6 hadi 12 ni tiba, kama pampu yake ya kuvuta dawa. Kama anatumia pia dawa za presha, amwonyeshe daktari huyo, maana kila kliniki huandika zake. Na hilo jiko la kuni, jamani, litoke ndani.