Jibu: Kwa nini Ichiro anasifiwa hivyo

Ndugu, umeuliza kwa nini Ichiro Suzuki, mchezaji wa besiboli kutoka Japani, anasifiwa sana ilhali hakuwa mtu wa kuupiga mpira ukavuka uzio. Siri ni jicho na miguu. Gongo likigusa mpira, yeye keshaanza safari ya besi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji hukimbilia kwanza. Mlinzi anapouokota mpira unaodundadunda, jamaa amefika. Halafu alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpigaji wa hivyo husimama upande wa besi ya kwanza, kwa hiyo besi hiyo ilikuwa karibu naye zaidi kwa hatua moja au mbili.

Kwao Japani, na timu ya Orix BlueWave, aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio yake iliyozaa pigo salama, yaani pigo linalomfikisha mpigaji besi) misimu 7 mfululizo, 1994 hadi 2000. Akahamia Seattle Mariners ya Marekani 2001, na mwaka huohuo akazoa tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji mpya. (Mpya wa miaka 27, lakini ndizo kanuni zao!) Mwaka 2004 akapata mapigo salama 262 katika msimu mmoja, akaivunja rekodi ya George Sisler ya 257 iliyodumu tangu 1920.

Na mkono je? Aprili 2001, dhidi ya Oakland, alirusha mpira kutoka uwanja wa nje kulia moja kwa moja hadi besi ya tatu, mkimbiaji wa Oakland, Terrence Long, akatolewa kabla hajaifikia. Itafute video, uione mwenyewe.

Alistaafu Machi 2019, Tokyo, akiwa na mapigo 3,089 ya Marekani. Yale 1,278 ya Japani mimi nayajumlisha; ukikataa, tubishane.