Anza na Sauti: Ushauri kwa Wanaosimulia Kazi za Vikundi na Jumuiya za Visiwani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza simulizi za sauti, picha na video kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo na jumuiya za misaada za Unguja na Pemba: wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, wasukaji wa mikeka, watengenezaji wa sabuni za viungo, na jumuiya zinazosomesha watoto mayatima. Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza zaidi kuhusu kamera ya kununua. Ushauri wangu ni kwamba fedha ya mwanzo inunue kipaza sauti kizuri, na siku za mwanzo za mradi zitumike kukaa na watu, kuwasikiliza na kuwarekodi, kabla ya kupigwa picha hata moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mwani. Kilimo hiki kilianza kuwa biashara Unguja mwaka 1989, na wanaokishughulikia kwa wingi ni wanawake. Picha ya mkulima aliyejifunga kanga, ameinama kwenye maji ya kupwa huku bahari ikiwa imetanda nyuma yake, imepigwa na karibu kila mgeni aliyefika Paje au Jambiani. Ni picha ya kupendeza, lakini haiwezi kueleza kwamba mwani unaolimwa ni wa aina mbili, kotonii na spinosamu. Kwamba kotonii ndio wenye bei nzuri, ila maji ya kina kifupi yanapozidi joto huugua na kufa. Na kwamba anayetaka kuulima kwa uhakika hulazimika kuufuata kwenye kina kirefu, ambako panahitajika chombo na kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakupata nafasi ya kufundishwa. Mkulima akiyasema haya mwenyewe, kwa mpangilio wake na kwa lafudhi ya kijijini kwake, msikilizaji anaelewa kwa dakika mbili kwa nini wenzake wameamua kuusaga mwani na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mwani mkavu kwa kilo. Mnunuzi aliyeisikia habari hiyo haitazami tena sabuni ile kama kitu cha kupeleka nyumbani kuwa zawadi ya safari tu.

Ipo sababu nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi. Katika jamii yetu wako watu wengi, hasa wanawake, ambao wako radhi kusikika lakini hawako radhi kuonekana. Anayetanguliza kamera huwapoteza watu hao mapema, kisha simulizi yake hubaki na wale wachache waliozoea wageni, au na mwenyekiti na katibu wa kikundi. Anayetanguliza sauti huwapata bibi na mashangazi wanaoijua kazi kwa undani, na picha zinazofuata zinaweza kuwa za mikono inayosuka ukili, za miaa iliyotiwa rangi na kuanikwa uani, za mkeka unaoshonwa. Ninavyoona mimi, simulizi ya namna hiyo haipungukiwi na chochote kwa kukosa uso.

Jambo hili huwa zito maradufu katika kazi za jumuiya za misaada. Wafadhili hupenda kuona mtoto akikabidhiwa begi la skuli, au mjane akipokea mfuko wa unga mbele ya bango lenye nembo. Mimi picha hizo sipigi, na nawashauri wengine wazikatae kwa adabu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 264, waumini wanaonywa wasiziharibu sadaka zao kwa masimango na udhia, na aya ya 271 inasema kwamba kuzitoa kwa siri na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kiongozi wa jumuiya akikumbushwa hayo kwa utulivu huelewa haraka kuliko akihubiriwa maadili ya uandishi wa habari. Mfadhili anaweza kupewa ushahidi wa kutosha bila uso wa yatima: mwalimu aeleze mahudhurio ya darasa lake, fundi aeleze kisima kina kina gani na maji yake yakoje, mama aliyepata mtaji aeleze anauza nini na anamkopesha nani.

Sauti nzuri hupatikana kwa maandalizi. Kijijini kazi huanzia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kwani asiyepita kwake hufanya kazi akiwa na wasiwasi, na waliomkaribisha huingiwa na wasiwasi pia. Mazungumzo yasipangwe karibu na wakati wa sala, kwa sababu adhana ikianza mtu hukatiza maneno yake, na inavyostahili akatize. Pwani, upepo wa kusi huharibu rekodi isipokuwa kipaza sauti kimevishwa manyoya au sponji nene. Nyumba za Mji Mkongwe zina dari ndefu na kuta ngumu zinazorudisha mwangwi, hivyo ni afadhali kukaa chumba cha kulala, penye godoro na mapazia, kuliko ukumbini. Kila mahali rekodi walau dakika moja ya sauti ya mahali penyewe bila mtu kuzungumza. Wakati wa kuhariri ndiyo itakayokuwezesha kuunganisha vipande viwili bila mshono kusikika.

Maswali nayo yana athari kubwa. Ukiuliza, "Mradi umekusaidia vipi?" utapewa shukrani ndefu kwa mfadhili, na hutapata simulizi. Muulize aliamka saa ngapi jana, alianza na kazi gani, nani alimsaidia, nini kiliharibika. Baada ya hapo nyamaza. Watu wetu wamelelewa wasimkate mzee kauli, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kwa mwenye kipaza sauti.

Ukishayasikiliza uliyorekodi, andika orodha ya picha ambazo maneno yale yanazihitaji, kisha rudi kuzipiga. Hapo kalenda ndiyo inayotawala. Mwani hushughulikiwa zaidi katika siku za bamvua, maji yanapokauka sana asubuhi kuelekea mchana, wakati jua limeshakuwa kali na nyuso zimejaa vivuli. Kwa hiyo piga mikono, kamba na vikapu saa hizo, na nyuso uzingoje hadi jioni. Huko Pemba, karafuu huchumwa kabla vitumba havijafunguka maua, na haimngojei mpiga picha. Mteja anayetaka simulizi ya karafuu, tangu kuchuma na kuchambua hadi kuanika majamvini, aelezwe tangu mwanzo kwamba nusu ya kazi itasubiri msimu.

Kuhusu video nitasema machache: iwe fupi, na iwe na maandishi chini yake kwa ajili ya mnunuzi asiyejua Kiswahili. Hapa kwetu simulizi husafiri kwa WhatsApp, ambayo huibana video na kuipunguza ubora, na wengi hawana bando la kufungua faili kubwa. Toleo la sauti peke yake la dakika mbili au tatu hufika mbali zaidi, na linaweza pia kupelekwa kwenye redio za jamii, kama ile ya Micheweni huko Pemba, ambako majirani wa kikundi wenyewe watalisikia.

Kabla mteja hajakabidhiwa kazi iliyokamilika, wasikilizishe waliozungumza. Idhini waliyotoa siku ya kurekodi ilitolewa kabla hawajajua ni kipande gani kitachaguliwa, na hata fomu iliyosomwa kwa sauti haiondoi tofauti hiyo. Kwa sababu hiyo, mkataba wangu na mteja, awe hoteli, duka au jumuiya, huwa na kifungu kinachosema kwamba msemaji anaweza kuondoa maneno yake wakati wowote kabla ya kuchapishwa, kwamba kikundi kitabakiwa na nakala ya rekodi zote, na kwamba muda wa wafanyakazi waliorekodiwa utalipwa kama siku nyingine ya kazi. Wapo wateja walioshindwa kukubali kifungu hicho, nami nikaiacha kazi yao.