Kwa nini fremu ya lagi hailehemiwi kama geti

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuunga fremu ya baiskeli yenye lagi (viungo vya chuma ambamo ncha za mabomba huingizwa) kwa mashine ya kuchomelea ya umeme, ili usihangaike na gesi. Usifanye hivyo. Bomba zuri la fremu huwa nene kwenye ncha na jembamba katikati, mara nyingi milimita 0.9 kwa 0.6, na mashine ya geti italitoboa au kulipinda.

Lagi hushikwa na aloi ya fedha au shaba ya manjano (shaba iliyochanganywa na zinki) ya kulehemia. Chuma chenyewe hakiyeyuki kabisa. Aloi ya fedha hutiririka kwenye nyuzi 650 hivi, shaba ya manjano karibu 900, wakati chuma cha pua au cha kawaida huhitaji karibu 1,400 au zaidi ili kiyeyuke. Aloi hujivuta yenyewe kuingia kwenye upenyo kati ya bomba na lagi, kama mafuta yanavyopanda utambi, na hufuata joto. Kwa hiyo pasha lagi nzima, usiuelekeze moto kwenye waya wa fedha.

Kazi hasa iko kwenye tupa. Kata ncha ya bomba ifuate mviringo wa bomba inalokutana nalo hadi usione mwanga katikati yao. Upenyo ndani ya lagi uwe kama milimita 0.1, ukizidi sana, fedha haitaujaza vizuri. Safisha hadi chuma king'ae, paka flaksi (dawa inayozuia kutu ya joto ili aloi ishike) ndani na nje. Anza na vipande vya mabaki, kisha vikate kwa msumeno uone fedha imefika wapi. Mimi napenda sana hatua hiyo, kwa sababu hakuna kinachofichika.