Ukungu wa bafuni: kabla ya jiki, jua maji yanatoka wapi

Kila ikifika Juni hapa Arusha, baridi ikianza kuuma na kila mtu akihamia kwenye maji ya moto, swali ni lile lile: dari ya bafuni imeota madoa meusi, nifanyeje? Jibu la haraka huwa jiki. Mimi nasema subiri kidogo. Ukungu hauoti pakavu, kwa hiyo tafuta kwanza kama unyevu unatoka ndani ya ukuta au hewani.

Kupima ni rahisi. Kausha sehemu yenye ukungu, bandika kipande cha foili ya jikoni, ziba kingo zote kwa selotepu pana, kisha iache siku moja au mbili. Ikilowa kwa nje, tatizo ni mvuke unaogandama kwenye ukuta wa baridi. Ikilowa kwa nyuma, maji yamo ukutani. Nyumba tuliyopanga Njiro ilikuwa na yote mawili: juu ni mvuke, chini karibu na koki foili ililowa mgongoni, na plasta ukiikwaruza kwa ukucha inamong'onyoka. Hapo hakuna dawa ya kupulizia, ni fundi bomba tu. Mwenye nyumba alishauri tupige rangi. Rangi juu ya plasta mbichi hututumka na kubanduka, na ukungu unaendelea kula kwa chini.

Ukungu wa mvuke unausafisha mwenyewe. Kwenye vigae, changanya kikombe kimoja cha jiki na lita nne za maji, vaa glavu, fungua dirisha, paka, ngoja dakika kumi, kisha sugua ile mistari ya katikati kwa mswaki mkuukuu. Suuza, kausha. Usithubutu kuchanganya jiki na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na bafu lenyewe dogo. Mwenye pumu akae mbali kabisa. Silikoni ya kuzibia kingo iliyoingia weusi ndani haisafishiki, ikate uweke nyingine. Jipsamu iliyolainika nayo ing'olewe. Ukuta wa plasta iliyopakwa rangi unatosha sabuni na maji kidogo, kwa sababu jiki nyingi yake ni maji: doa linapauka, unyevu unabaki umenywewa na ukuta.

Kuzuia ndiko kwenye kazi, na adui mkubwa ni sisi wenyewe na hofu ya baridi. Watu wanaziba matundu ya hewa kwa magazeti, halafu wanashangaa. Yazibue. Ukimaliza kuoga, sukuma maji ya ukutani na sakafuni kwa fagio la mpira, tandaza pazia la bafu badala ya kuliacha limekunjamana, na taulo mbichi zianikwe nje. Ndoo ya nguo zilizolowekwa nayo isilale humo. Ukifunga feni ya kutoa hewa, hakikisha bomba lake linatokea nje ya nyumba. Nimeona mafundi wakilikomesha juu ya dari, mvuke wote ukaenda kuozesha mbao za paa. Feni iache izunguke kama dakika 20 baada ya kuoga.

Na kama ni nyumba ya kupanga, piga picha ile foili ikiwa imelowa mgongoni umtumie mwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita mingine. Ukishalipa, fundi huwa "anakuja kesho".