Betri zangu hazimalizi usiku. Ninunue lithiamu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina paneli moja ya wati 150 na betri mbili za maji, kila moja volti 12, ampea-saa 100. Usiku tunawasha taa sita, televisheni na friji ndogo. Betri za kwanza hazikumaliza mwaka na nusu, moja ikafa kabisa. Aliyenifungia mitambo akaniambia ninunue moja mpya, niiunge na ile iliyobaki. Sasa ikifika saa tisa usiku, giza. Jirani anasisitiza ninunue lithiamu. Nifanyeje?
Msomaji aliyechoka na giza

JIBU: Marahaba. Jirani yako hajakosea, ila kaanzia mwisho. Betri zako hazikufa uzee, zilikufa njaa.

Tupige hesabu. Taa sita za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 210. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne, 200. Friji, kwa kuwa injini yake huzunguka na kupumzika, tuseme 360. Hiyo ni 770, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri ufae vyombo vya nyumbani, nayo ina mlo wake, kwa hiyo weka 900. Paneli yako je? Jua kali likiwaka kwa muda wa saa tano, ukitoa joto, vumbi na kinachopotelea kwenye nyaya, inakuletea kama 550. Kila siku unachota kuliko unavyojaza. Betri ya risasi, yaani ya maji kama zako, ikilala na njaa siku nyingi, sahani zake za ndani huganda chumvi nyeupe iitwayo salfeti, na ikishakuwa ngumu haing'oki. Usitegemee inveta ikuokoe: nyingi hujizima volti zikishuka hadi 10.5, wakati betri ilishakwisha zamani.

Kuhusu kuunga mpya na kuukuu, hapo ulishauriwa vibaya. Kuukuu haipati nguvu kwa mpya. Mpya ndiyo inayozeeshwa. Zijaze zote mbili, zitenganishe jioni, uzipime asubuhi bila kuwasha kitu. Iliyo nzima itasoma karibu volti 12.7. Ile kuukuu ikisoma 12.2, yaani imebaki na nusu ya chaji, na hakuna aliyeitumia, iage.

Maji sasa. Ya kwangu ya kwanza niliiua kwa huruma: niliijaza maji mpaka mdomoni asubuhi, kabla haijachajiwa. Mchana yakavimba, asidi ikamwagika, ikala sakafu na pindo la suruali yangu. Tangu siku hiyo naongeza maji baada ya chaji, tena yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri, si ya bomba. Sahani zikiwa wazi tu ndipo utie kidogo kabla, yazifunike basi. Betri zikae penye hewa, maana zikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na mbali na joto, kwani joto hufupisha maisha yake haraka.

Lithiamu naipenda, sikufichi. Moja ya ampea-saa 100 inakufanyia karibu kazi ya hizo mbili, kwa sababu betri ya risasi unapaswa kuishia nusu, ilhali ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Haidai maji, na kulala nusu tupu haiiumizi. Lakini betri haizai umeme. Ukiifunga kwenye paneli hiyo hiyo, saa tisa utarudi gizani, safari hii na betri ya gharama.

Kwa hiyo anza na paneli: ongeza nyingine, zifike wati 300 kwa uchache, palipo na mawingu mengi, 450. Kisha ndiyo uchague betri. Kabla hujalipa, soma ubavuni mwa kontrola yako, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri. Ikiwa imeandikwa ampea 10, haitabeba paneli mbili. Tafuta ya 30, na hakikisha ina mpangilio wa lithiamu.